Nguo za Mnada wa Virginia

Binti yangu Rukia alikuwa amesimama juu ya meza, pekupeku, amevaa gauni la gunia nililomshonea kwa mikono yangu, na kijana wa koti la bluu alikuwa ananadi bei yake.

Nilikuwa mlangoni mwa darasa la historia, pini mdomoni. Mwalimu Merrick mwenyewe ndiye aliyeniita nikae karibu, ikiwa kifungo kitang'oka au pindo litafumuka. Nguo zote mle ndani zilikuwa zangu: makoti, visibau, kofia za pembe tatu. Wanafunzi walikuwa wananyoosha mikono kupandisha bei. Mmoja nyuma akasema, "Mwambieni aonyeshe meno." Wakacheka, kicheko kile cha watoto wasiojua kama inafaa kucheka.

Rukia hakuonyesha meno. Aliniona, kisha akainamisha macho akatazama vidole vya miguu yake.

Nikatema pini mkononi. "Rukia, shuka."

Mwalimu Merrick akageuka, tabasamu bado liko usoni. "Mama Rukia, tuko katikati ya somo."

"Shuka, mwanangu."

Akashuka. Nikamvika sweta langu juu ya lile gauni tukatoka, na nyuma yangu nikamsikia mwalimu akiwaambia watoto, "Sawa, tuendelee. Nani anajitolea?" Hakujitolea mtu.

Nawaandikia nyinyi wawili mliochukua chumba changu cha cherehani pale shuleni. Mlisema, "Mama, tuachie maneno mawili matatu ya kazi." Mimi ni mtu wa darasa la saba, kuandika kwangu ni kama kuongea, basi someni kama mnanisikia. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa vipi, hayo waulizeni wanaoyapenda. Mimi nitawaambia kazi ilivyokuwa, na nitataja majina ya waliotukosea. Nina miaka hamsini na tatu na jicho la kulia limechoka na uzi mweusi. Nimestaafu. Mkisikia nilifukuzwa, aliyewaambia hakuwepo.

Kazi nilijifunza huku kusini, mjini kati, kwenye jengo la zamani lenye kanisa juu na mafundi chini. Nilitoka Handeni nikijua kushona moja kwa moja na kuzungusha pindo, basi, na nikajiona fundi. Aliyenivua huo ufundi wa uongo ni Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mtu anayepiga pasi hata kitambaa cha kufutia mashine. Siku ya kwanza alinipa suruali ya mtu nikate. Nikakata.

Akaiinua kwenye mwanga. "Mama wa Tanga," akasema, "kitambaa haina na haraka. Ni weye njo uko na haraka."

"Mteja anasubiri, Papa."

"Mteja eko na miguu mbili. Weye umekata suruali ya mutu wa muguu moja na nusu."

Kanisani juu walikuwa wanaimba, mafundi chini wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Nilifumua, nikakata upya, na tangu siku hiyo napima mara mbili hata nikikata mfuko wa shati. Papa Ilunga ndiye aliyenifundisha jambo ambalo mtaliona baadaye lilikuwa na maana. Nguo ya mtu unayemjua unaikata kwa mwili wake. Nguo ya mtu usiyemjua unaiachia nafasi mgongoni, unatoboa matundu, unapitisha kamba, ili mnene aifungue na mwembamba aivute. Ukitazama mgongo wa nguo unajua kama fundi aliambiwa nani ataivaa.

Kisha ikaja ile wiki ya kufukuza wageni mtaani. Walivunja mlango, wakabeba majora, wakachoma yaliyobaki. Mimi na Papa Ilunga tulitoka na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye shuka kama mtoto mgonjwa. Walioongoza walikuwa jirani zetu, wengine suruali zao nilizipunguza mimi. Papa Ilunga akarudi kwao. Mimi nilikuwa na Rukia mgongoni na sikuwa na pa kurudi, nikahamia mtaa wa Rosettenville, nikaweka kichwa cha cherehani juu ya meza ya kulia, nikaanza tena. Mtu aliyepita hapo hatishwi na ofisi ya mwalimu mkuu. Hilo walichelewa kulijua.

Shuleni niliingia kushona sare. Ni shule ya kaskazini ya mji, inayofuata masomo ya Kimarekani, yenye nyasi kijani hata wakati wa ukame. Siku ya kwanza nilikuta mashine mbili, ovaloki moja ya kufunga kingo za kitambaa iliyosongwa na nyuzi, na kabati limejaa sketi ambazo hazimtoshi binadamu yeyote. Ovaloki niliifungua kwa bisibisi nikaitoa uchafu wa miaka. Hiyo ovaloki mnayo mpaka leo. Itieni mafuta kila Ijumaa, na msimruhusu mwalimu wa sanaa aitumie kukatia karatasi.

Mwalimu Merrick alikuja miaka kadhaa baadaye kutoka kwao Amerika. Alifundisha darasa moja lenye sifa kubwa: watoto wa sekondari wanasoma historia ya mwanzo ya Amerika kwa kiwango cha chuo, na mwisho wa mwaka mtihani unatoka ng'ambo na kusahihishwa ng'ambo. Aliamini mtoto hasomi mpaka avae. Wakifika kwa wale wachamungu wa kaskazini ya Amerika, anataka kola nyeupe na kofia za wanawake za kufunika masikio. Wakifika kwenye ugomvi wa kodi na chai, anataka makoti ya mikia.

Niseme ukweli, niliipenda ile kazi. Nilikuwa naenda Fordsburg kutafuta vifungo vya shaba, muuzaji ananiuliza, "Dada, harusi ya nani hiyo isiyokwisha?" Nikamwambia wanamwasi mfalme. Akasema, "Basi wavae vizuri." Mapinduzi yote ya Amerika pale shuleni yalivaa vifungo vya Fordsburg. Mawigi nilitengeneza kwa pamba ya kujazia viti. Na kwa kuwa Mwalimu Merrick alikuwa anagawa nafasi kwa kura, majina yanachomolewa kwenye kofia mbele ya darasa, makoti yote niliyakata kwa mtindo wa Papa Ilunga, kamba mgongoni. Gavana akiwa mnene, sawa. Akiwa mwembamba, sawa.

Rukia aliingia darasa hilo akiwa na miaka kumi na sita. Alisoma pale kama mtoto wa mfanyakazi, ndivyo walivyomwita hata mbele yake. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu Kiingereza. Humu namwandika kwa Kiswahili ili twende pamoja. Alilipenda lile somo kama wenzake wanavyopenda simu. Jioni mimi nafumua mshono, yeye upande wa pili wa meza anasoma mkataba wa mtumishi aliyevuka bahari kwenda Virginia, akakubali kufanya kazi miaka kadhaa ili alipe nauli.

"Mama, huyu ni kama wewe unavyofanyia kazi nauli ya kwenda shule."

"Mimi narudi nyumbani jioni," nikasema.

Siku nyingine akaacha kusoma, akafunika kitabu. Nikamuuliza vipi. Akasema kule Virginia walitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni mwenye shamba.

"Kwa nini wasimfuate baba, kama dunia nzima?"

"Eish, Mama. Fikiria tu baba alikuwa nani."

Nikafikiria. Nikaishiwa na hamu ya kushona jioni ile.

Mnaona basi kwamba msichana alikuwa hakwepi hilo somo. Alikuwa analisoma lilivyo, lenye uchungu wake. Aliandika insha kuhusu tumbaku, Mwalimu Merrick mwenyewe akaisoma kwa sauti darasani. Lengo lake lilikuwa afaulu ule mtihani wa ng'ambo, aende chuo akasome historia. Mimi nilitaka anachotaka yeye.

Sasa tufike kwenye neno lililotuponza.

Mwalimu Merrick alikuwa na tabia ya kuokota maneno. Kutoka kwa mlinzi aliokota "sharp", yaani sawa, kwangu aliokota "Mama Rukia". Siku moja, mwezi wa kumi, akaingia chumba cha cherehani na kuuliza kwa lugha yenu mnaitaje pale watu wanaposhindana bei mbele ya mnadi. Rukia alikuwa pale anachukua sketi yake. Akasema, "Mnada."

"Mnada," akasema mwalimu, akalirudia kama mtu anayeonja pipi. "Basi Mama Rukia, nitengenezee nguo za mnada."

"Mnada wa nini?"

"Wa zamani. Virginia."

Nyinyi mliotoka kwetu mnajua neno hilo linanuka nini. Linanuka nyama ya kuchoma. Kwetu Handeni siku ya mnada watu wanaoga mapema. Ng'ombe wanauzwa, mitumba inauzwa, sufuria zinauzwa, watoto wananunuliwa miwa, vijana wanachumbiana. Mtu akikuambia atakushonea nguo ya mnada, amekupenda. Na kwa kuwa wiki ile Rukia alikuwa hasemi lingine ila tumbaku, nikajua ni mnada wa tumbaku. Rukia naye alijua hivyo hivyo. Mwalimu hakutuambia tofauti, na nafasi ya kutuambia alikuwa nayo, maana alisimama pale mpaka chai yake ikapoa.

Akaagiza makoti ya wanunuzi, kisibau cha mnadi, na gauni moja. "Gauni la kawaida la msichana wa shamba," akasema. "Kitambaa cha gunia. Hili usiweke kamba mgongoni. Lishone kwa mwili wa Rukia."

Nikajua ni upendeleo. Nilimpima mwanangu pale pale, mwalimu anaangalia. Nikakata gunia, na kwa kuwa gunia linakwaruza, nikatia kipande cha kanga ndani ya shingo, upande usioonekana. Wiki nzima nilishona nikiimba. Sijilaumu kwa kuimba. Aliyejua nguo hiyo ni ya nini hakuwa mimi.

Wiki iliyofuata wakapiga kura. Rukia akachomolewa kuwa "bidhaa". Alidhani ni mzaha wa neno, mpaka alipoambiwa avue viatu apande mezani. Kilichofuata nimekwisha kukisema.

Kesho yake tuliitwa kwa mwalimu mkuu, Bi. Strydom. Alikaa nyuma ya meza ya kioo, Mwalimu Merrick pembeni yake, mguu juu ya mguu. Bi. Strydom alianza kwa upole. Wote wana upole wakianza.

"Mama, tunaelewa umeumia. Lakini ilikuwa kura. Ingeweza kumwangukia mtoto yeyote."

"Kura ilipigwa lini?" nikauliza.

Mwalimu Merrick akasema, "Jana asubuhi, mbele ya darasa zima."

"Na gauni uliniagiza lini?"

Akakohoa. "Wiki moja kabla, nadhani. Nilitaja Rukia kama mfano tu wa ukubwa."

"Kwa makoti ulinitajia mfano wa nani?"

"Makoti yana kamba."

"Ndiyo," nikasema. "Yana kamba."

Bi. Strydom akamtazama mwalimu, kisha akatazama dirisha. Naapa alielewa. Mtu asiyeelewa huuliza. Yeye hakuuliza, alibadilisha mada. Akasema Mwalimu Merrick ana heshima yake, nia ilikuwa njema, watoto walipaswa kuhisi uzito wa historia. Kisha akasema, "Pia tukumbuke Rukia yuko hapa kama mtoto wa mfanyakazi. Ni hisani ya shule."

Rukia, aliyekuwa ameketi kando yangu, akasema, "Tulisoma hilo wiki iliyopita, Miss. Mtoto anafuata hali ya mama."

"Si haki kusema hivyo," akasema Bi. Strydom.

"Sijasema ni haki," akasema Rukia.

Nilitamani kumkumbatia, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo niliona heri niwalinde wote mle ndani na mikono yangu, nikaikunja.

Waliamua Rukia akasomee maktaba "mpaka hali itulie". Hali ya nani, hawakusema. Alikaa maktaba wiki, tena wiki. Kila nikienda kuuliza, Bi. Strydom ana kikao. Mwishowe Mwalimu Merrick akasema amekosa masomo mengi mno, hawezi kurudi darasani, na kwenye kumbukumbu za shule wakaandika kwamba Rukia Mussa aliacha darasa la historia kwa hiari yake.

Kwa hiari yake. Mtoto aliyekuwa anasoma mikataba ya tumbaku wakati wenzake wanaangalia mpira.

Kuna mmoja aliyekuja kwangu. Lerato, msichana wa darasa lile, mtoto wa watu wazuri. Alileta koti alilovaa siku ile, amelikunja vizuri.

"Auntie, mimi nilinyoosha mkono," akasema.

"Nilikuona."

"Kila mtu alinyoosha. Nilikuwa nataka iishe haraka."

"Ulipandisha bei ili iishe?"

Akaanza kulia. Nikampa kiti. Sikumwambia si kitu, maana ni kitu. Nilimwambia, "Wewe una miaka kumi na sita na umekuja mwenyewe. Wapo wakubwa wenye ofisi hawajaja." Tangu siku hiyo alimpa Rukia kila kilichofundishwa darasani. Jumamosi alikuja Rosettenville, wanakaa kwenye meza yangu kati ya makorokoro ya vitambaa, wanabishana kama waasi walipigania uhuru au walikuwa hawataki tu kulipa kodi. Nilikuwa nawapikia pilau na kuwaambia wanaweza kuwa walifanya yote mawili, kama watu wengine. Lerato akasema, "Auntie, hiyo ndiyo insha yangu." Nikamwambia aandike yake, mimi nina suruali za watu.

Jina la Rukia lilikuwa limeshapelekwa ng'ambo kwa ajili ya mtihani kabla ya mambo haya, na huko hawakuwa na habari za Bi. Strydom. Akafanya mtihani. Akafaulu kwa alama ya juu kabisa. Alama kama hiyo Mwalimu Merrick ana desturi ya kuibandika ukutani nje ya darasa pamoja na picha ya mwanafunzi. Nilipita pale kila siku mpaka nikastaafu. Ya Rukia haikubandikwa.

Sikuondoka baada ya yale. Wengine walinishangaa, na najua nyinyi pia mmejiuliza. Niliendelea kushona sare za watoto wa shule ile kwa sababu sare hazikunikosea, na kwa sababu ningeondoka wangepumua. Ila nguo za darasa la historia sikushona tena. Mwalimu Merrick alikuja mara moja, akitaka mavazi ya kusaini tamko la uhuru. Nikamuuliza, "Nani atasimama wapi, na atafanywa nini?" Akasema atakodi mjini. Sharp, nikasema.

Na hilo ndilo neno la kazi ninalowaachia. Mafuta ya mashine, sindano namba gani kwa jinzi, hayo mtayajua. Lakini mtu akiwaletea agizo la vazi la mchezo, msiulize rangi kwanza. Ulizeni anayevaa atafanywa nini akiwa ndani yake. Asipojibu, mkasi usiguse kitambaa. Na mkiambiwa nguo ni ya yeyote, wekeni kamba. Mkiambiwa msiweke, ulizeni kwa nini, kwa sauti, na mlango ukiwa wazi.

Sasa ninaandika kwa watu wengine wawili, na nyinyi mtawapelekea. Pale kwenye chumba cha walimu kuna ubao. Ubandikeni ukurasa huu.

Rukia anaomba chuo mwaka huu. Kila chuo kinauliza jambo moja: alama ni ya juu, mbona aliacha darasa? Msichana wa miaka kumi na saba analazimika kuwaeleza wageni, kwa maandishi, jinsi alivyopandishwa mezani, au anyamaze aonekane mvivu. Mwezi wa sita darasa lile linamaliza shule na kutawanyika, wengine ng'ambo, wengine Cape Town, na kila mmoja ataondoka akiamini ilikuwa kura.

Mwalimu Merrick, ulimchagua Rukia wiki nzima kabla ya kura. Mbele ya watoto wale wale, sema ulimchagua wewe, na sema kwa nini yeye. Watoto weusi walikuwa wengi darasani. Kwa nini ni mtoto wa mshona nguo? Unajua sababu, na mimi nataka kuisikia kwa mdomo wako.

Bi. Strydom, ulielewa habari ya kamba siku ile ile. Nani aliandika "kwa hiari yake", wewe au yeye? Futeni maneno hayo, andikeni kilichotokea, mtie sahihi, maandishi hayo yavifikie vyuo kabla havijamjibu mwanangu.

Msiniletee maua, wala msimtume mtu wa ofisi. Chagueni siku, watoto wote wakiwa wameketi. Nitakuja na Rukia, tutakaa mstari wa mbele, na hatutaondoka kabla hamjajibu.